Kazi ya mapenzi nayo hudai mshahara: Funzo kutoka makumbusho ya sanaa Marekani

KWA waliokulia enzi za kanda za video, jengo la Makumbusho ya Sanaa ya Philadelphia, Marekani, si geni. Ndilo lile lenye ngazi ndefu ambazo bondia Rocky, aliyeigizwa na Sylvester Stallone katika filamu ya mwaka 1976, anazipanda mbio alfajiri, kisha anarusha mikono juu kama mtu aliyekwisha kushinda. Ngazi hizo zina vidato 72. Hadi leo watalii huja kupigwa picha hapo, na wengine huondoka bila hata kuingia ndani.

Wanaoingia hukuta hazina yenye takribani vitu 240,000. Wapo alizeti wa Vincent van Gogh, wapo waogaji wa Paul Cézanne, zipo silaha za kale za Ulaya na sanaa ya India, China na Japani. Makumbusho ya aina hiyo hupima joto na unyevu wa vyumba vyake usiku na mchana. Kipimo kikienda kombo, fundi huitwa mara moja, kwa kuwa turubai na mbao za kale hazivumilii hali ya hewa inayobadilika-badilika.

Mwishoni mwa Septemba 2022, nje ya jengo hilohilo walisimama watu wakiwa na mabango. Hawakuwa watalii. Walikuwa wafanyakazi wa makumbusho wenyewe: wataalamu wa sanaa, waelimishaji, wahudumu wa wageni, watu wa maktaba na mafundi wanaotundika michoro. Walidai mishahara bora, bima ya afya isiyomeza kipato, na jambo moja ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi angedhani katika nchi tajiri lilikwisha kupatiwa ufumbuzi zamani: likizo ya uzazi yenye malipo.

Mgogoro wa namna hiyo, kabla haujafika barabarani, huwa umeshapita mara nyingi juu ya meza ya mtu ambaye mgeni wa makumbusho hamwoni na jina lake haliandikwi ukutani. Huyo ni mkuu wa rasilimali watu, yule ambaye wazee wa ofisi za zamani walimwita ofisa utumishi.

Meza iliyo katikati

Kuongoza rasilimali watu katika makumbusho ya sanaa si sawa na kufanya kazi hiyo kiwandani au benki. Chini ya paa moja wamo wenye shahada za uzamivu waliosomea karne moja tu ya uchoraji, wamo mafundi wanaoweza kukaa miezi kadhaa wakisafisha mchoro mmoja, wamo walimu wanaopokea watoto wa shule, wauza tiketi, wasafishaji, wapishi wa mgahawa na walinzi wanaosimama kutwa nzima. Baadhi wana ajira ya kudumu. Wengine hulipwa kwa saa, wengine ni wa mkataba wa maonyesho mamoja, na wengine hujitolea bila malipo.

Wote hao humtazama mtu mmoja yanapotokea mambo ya nyumbani. Mtoto amezaliwa, mzazi ameugua, mwenye nyumba amepandisha kodi, bosi amevuka mipaka, macho hayaoni vizuri kama zamani. Mambo hayo hayamo katika orodha ya michoro, lakini ndiyo huamua kama kesho mlango utafunguliwa.

Ugumu wa kwanza ni fedha. Makumbusho mengi ya sanaa Marekani ni taasisi za elimu zisizogawana faida. Hazina mwenye hisa; zinaongozwa na bodi ya wadhamini, ambayo mara nyingi hujaa wafadhili wenye uwezo. Mfadhili hutoa fedha kwa ajili ya mchoro, kwa ajili ya ukumbi utakaobeba jina la familia yake, au kwa ajili ya maonyesho fulani. Fedha iliyotolewa kwa masharti hayo haiwezi kuhamishiwa mahali pengine kwa sababu tu mahitaji yamebadilika. Ni wachache wanaotoa hundi ili mhudumu wa mlangoni apate bima ya afya ya watoto wake.

Kwa hiyo mkuu wa rasilimali watu huingia kwenye kikao cha bajeti akiombea fedha iliyo ngumu kuliko zote kupatikana. Wenzake wanakuja na picha ya mchoro unaouzwa Paris au ramani ya ukumbi mpya. Yeye anakuja na orodha ya mishahara. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na mfanyakazi wa ngazi ya chini hayupo katika kikao hicho. Asipomsemea huyu, hakuna mwingine.

Ugumu wa pili ni mapenzi. Watu wengi huingia kazi za sanaa kwa kuipenda sanaa yenyewe, na waajiri wanalijua hilo. Kwa miaka mingi kijana aliyetaka kazi ya makumbusho alitarajiwa kuanza na mafunzo ya kazini bila malipo, kisha ajira ya muda, kisha mshahara mdogo, huku akiambiwa ana bahati ya kufanya kazi karibu na vitu vizuri. Aliyeweza kuvumilia safari hiyo mara nyingi ni yule ambaye wazazi wake walimlipia kodi. Mtoto wa dereva wa basi aliishia njiani, hata kama jicho lake lilikuwa kali kuliko la wenzake.

Jedwali lililofungua midomo

Mwaka 2019 kimya hicho kilivunjika kwa njia rahisi sana. Michelle Millar Fisher, ambaye wakati huo alikuwa mtaalamu wa maonyesho katika makumbusho ya Philadelphia, pamoja na wenzake, walianzisha jedwali la mtandaoni ambalo mfanyakazi yeyote wa makumbusho angeweza kuandika cheo chake, mahali anapofanya kazi na mshahara wake, bila kutaja jina. Ndani ya muda mfupi walijitokeza maelfu.

Jambo lililokuwa siri ya kila nyumba likawa mezani. Watu wa cheo kimoja, mji mmoja, walikuta wanapishana mishahara kwa kiasi kikubwa. Wenye shahada mbili waligundua kwamba hawakuwa peke yao katika kuhesabu sarafu mwisho wa mwezi. Mwaka huohuo, Juni 2019, chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa kilipitisha azimio la kuyahimiza makumbusho kuwalipa vijana wa mafunzo ya kazini.

Kwa mkuu wa rasilimali watu, jedwali kama hilo ni mtihani. Anaweza kulichukulia kama uasi na kutafuta aliyeandika. Anaweza pia kulichukulia kama ripoti ambayo ofisi yake ilipaswa kuiandaa kabla, kisha akapitia ngazi za mishahara moja baada ya nyingine, akaweka wazi kila cheo kinaanzia kiasi gani na kinaishia kiasi gani. Njia ya pili ina gharama, kwa maana ukishaonyesha pengo huna budi kuliziba. Lakini njia ya kwanza haizuii watu kuzungumza. Huwahamisha tu, wakazungumze mahali ambapo mwajiri hasikii.

Mlalamikaji aende wapi?

Januari 2020 gazeti la The New York Times liliandika habari za wanawake waliomlalamikia meneja mmoja wa zamani wa makumbusho ya Philadelphia kwa namna alivyowafuata na kuwatendea kazini. Meneja huyo alikuwa ameshaondoka na kupata cheo cha juu zaidi katika makumbusho ya mji mwingine. Kilichowauma wafanyakazi wengi waliobaki ni hisia kwamba malalamiko hayakuchukuliwa kwa uzito yalipotolewa. Mkurugenzi wa wakati huo, Timothy Rub, aliwaomba radhi wafanyakazi.

Hapo ndipo penye kidonda cha kazi hii popote duniani. Ofisi ya rasilimali watu hulipwa na mwajiri, lakini mfanyakazi huambiwa kwamba ndiyo mahali pa kupeleka shida zake. Binti aliyeajiriwa juzi, anayemlalamikia mtu anayeweza kuamua hatima yake, hujiuliza kama akitoka katika chumba kile siri yake itabaki humo. Akiona mwenzake amelalamika na hakuna kilichofanyika, hatarudi tena. Ataondoka kimyakimya, na nyumbani atasema tu kwamba kazi haikumfaa.

Ndiyo maana wakuu wazuri wa rasilimali watu husisitiza mambo ambayo kwa wengine yanaonekana kuwa makaratasi matupu: malalamiko yaandikwe tarehe, yasikilizwe na mtu asiyeripoti kwa mlalamikiwa, mlalamikaji aambiwe matokeo kwa muda uliopangwa, na anayeondoka kwa kosa asipewe barua ya kumsifu ambayo itamfungulia mlango wa nyumba nyingine.

Siku 19 nje ya mlango

Agosti 2020, katikati ya janga la korona, wafanyakazi wa Philadelphia walipiga kura ya kuanzisha chama cha wafanyakazi. Karibu tisa kati ya kila kumi waliopiga kura waliunga mkono. Kisha wakaingia katika mazungumzo ya mkataba wa hali bora, na mazungumzo hayo yakachukua takribani miaka miwili bila mwafaka.

Septemba 26, 2022 wakaweka chini kazi. Ilikuwa siku zilezile mkurugenzi mpya, Sasha Suda, alipokuwa anaanza kazi, na maonyesho makubwa ya Henri Matisse yalikuwa yafunguliwe mwezi uliofuata. Waliogoma hawakuwa na uhakika wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Waliobaki ndani, viongozi na wasio wanachama, walipita mlangoni wakiwatazama watu waliokunywa nao kahawa wiki iliyotangulia.

Katikati ya Oktoba, baada ya siku 19, pande mbili zilikubaliana. Mkataba wa miaka mitatu uliongeza mishahara kwa asilimia 14 kwa awamu. Kima cha chini kilipanda kutoka dola 15 hadi dola 16.75 kwa saa. Waliotumikia miaka mingi walipata nyongeza ya dola 500 kwa kila miaka mitano ya utumishi, na mpango wa bima ya afya ukawa nafuu zaidi. Na kwa mara ya kwanza mzazi aliyepata mtoto alihakikishiwa likizo yenye malipo: wiki nne. Maonyesho ya Matisse yalifunguliwa kama ilivyopangwa, michoro ikiwa mahali pake na watu wakiwa mahali pao.

Siku 84 na siku 28

Wiki nne ni siku 28. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kushangaa.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba hupewa siku zisizopungua tatu. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama miezi mitatu na baba wiki mbili, kwa mshahara kamili. Kile walichokigomea watu wa Philadelphia na kukipata ni theluthi moja ya kile ambacho mwalimu wa Dodoma anakipata kwa sheria bila kubeba bango.

Sababu ni kwamba Marekani haina sheria ya nchi nzima inayomlazimisha mwajiri binafsi kumlipa mzazi aliye likizo. Sheria ya likizo ya familia na matibabu ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 za kukaa nyumbani bila kupoteza kazi, lakini bila malipo, tena kwa waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi na kwa aliyekwisha kufanya kazi mwaka mzima. Baadhi ya majimbo yametunga sheria zake ya malipo. Pennsylvania, jimbo la Philadelphia, hadi mgomo ule unamalizika halikuwa na sheria hiyo.

Maana yake ni kwamba katika nchi ile urefu wa siku ambazo mama atakaa na kichanga chake huamuliwa kwa kiasi kikubwa na mwajiri, na ndani ya taasisi mwandishi wa pendekezo hilo ni mkuu wa rasilimali watu. Asipoliandika, mama hukusanya siku zake za likizo ya mwaka na za ugonjwa, huziunganisha moja moja, na zikiisha anarudi kazini huku maziwa yakimtoka. Wenye mume au mke mwenye kipato kizuri huweza kukaa bila mshahara. Aliye peke yake hawezi.

Lakini wa kwetu naye asijipongeze haraka. Sheria ya siku 84 inamfikia vizuri aliye na mkataba. Kijana anayeelekeza wageni katika nyumba ya sanaa kwa malipo ya siku, au fundi wa maonyesho anayeitwa kazi ikiwepo, siku 84 huzisikia kwa wenzake.

Auze mchoro alipe mshahara?

Swali ambalo wengi huuliza ni hili: nyumba yenye mali ya mamilioni hukosaje fedha za wafanyakazi? Si wangeuza mchoro mmoja tu?

Makumbusho ya Sanaa ya Baltimore yalijaribu njia iliyokaribia hiyo. Oktoba 2020 yalitangaza kuuza kazi tatu, mojawapo ikiwa ya Andy Warhol, kwa matumaini ya kupata dola milioni 65. Mpango ulikuwa kwamba mfuko utakaoundwa ugharimie utunzaji wa makusanyo, na hivyo fedha nyingine za bajeti zipatikane kwa ajili ya kuongeza mishahara na kuleta usawa ndani ya taasisi. Janga la korona lilikuwa limeyafanya makumbusho yalegezewe kwa muda kanuni zinazokataza kutumia fedha za michoro kwa gharama nyingine.

Ghadhabu ilikuwa kubwa. Wapinzani walisema michoro ni amana ya vizazi, si akiba ya kulipia mishahara, na baadhi ya wafadhili wakatangaza kuondoa ahadi zao. Oktoba 28, siku ileile ya mnada na saa chache kabla haujaanza, mauzo yalisitishwa.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Aliyetoa mchoro wa babu yake kwa umma hakuutoa ili ukafidie bajeti iliyopangwa vibaya. Lakini mlinzi aliyelinda mchoro huo miaka 15 naye anauliza, kama wafadhili wanaweza kukasirika kiasi hicho kwa ajili ya turubai, kwa nini hawakukasirika kwa ajili ya mshahara wake? Mkuu wa rasilimali watu anayejua kazi yake hangoji mnada. Huwafundisha wadhamini mapema kwamba mishahara ni sehemu ya gharama ya kuhifadhi mchoro, sawa na kipimo cha unyevu, na huomba fedha hizo ziingie katika kila ombi la ufadhili tangu mwanzo.

Baltimore hiyohiyo ilionyesha pia upande mwingine. Kuanzia Machi hadi Julai 2022 makumbusho yalifanya maonyesho ambayo kazi zake zilichaguliwa na walinzi 17. Watu waliosimama mbele ya michoro kwa maelfu ya saa walipewa nafasi ya kusema ni ipi inayowagusa na kwa nini. Nyongeza ya mshahara ilibaki kuwa hoja inayojitegemea. Ila kwa familia iliyozoea kusema baba ni mlinzi tu, kuingia ukumbini na kukuta maelezo aliyoyaandika baba yamebandikwa kando ya mchoro si jambo dogo.

Aliyejitolea naye huagwa

Kwa sababu makumbusho ni taasisi ya elimu, kundi kubwa la watu wake ni wanaofundisha: wanaowaongoza wanafunzi ukumbini, wanaowauliza wanaona nini, wanaowafanya watoto wa miaka tisa wakae kimya mbele ya picha. Hawa ndio mara nyingi hutolewa kwanza mambo yakiharibika. Msimu wa kwanza wa korona mwaka 2020, makumbusho ya MoMA ya New York yalikatisha mikataba ya waelimishaji wake wa kujitegemea. Kwa kuwa hawakuwa waajiriwa wa kudumu, ilitosha barua pepe.

Chicago tatizo lilikuja kwa sura nyingine. Taasisi ya Sanaa ya jiji hilo ilikuwa na waelekezaji wa kujitolea tangu mwaka 1961, wengi wao wanawake watu wazima waliopitia mafunzo marefu na kufanya kazi hiyo bila malipo kwa miaka mingi. Septemba 2021 waliandikiwa barua kwamba mpango wao unakoma na nafasi yao itachukuliwa na waelimishaji wa kulipwa.

Hoja ya taasisi ilikuwa nzito. Kujitolea siku nzima katikati ya wiki ni kwa asiyehitaji mshahara, kwa hiyo kundi lile halikufanana na watoto wa Chicago waliokuja kufundishwa. Kulipa watu ndiyo njia ya kuufungua mlango. Hata hivyo malalamiko yalisikika nchi nzima, na mengi yalihusu namna walivyoagwa kuliko uamuzi wenyewe. Mama wa miaka 70 aliyetoa Jumanne zake zote tangu watoto wake walipohama nyumbani hakutarajia shukrani yake ije kwa barua.

Ndugu wawili, mwisho tofauti

Makumbusho ya Philadelphia yalizaliwa pamoja na shule. Yalianzishwa kutokana na maonyesho ya mwaka 1876 ya miaka 100 ya uhuru wa Marekani, yakiitwa makumbusho na shule ya sanaa za viwanda ya Pennsylvania. Mwaka 1964 shule ilijitenga na kuwa chuo, na baada ya kuungana na wengine kikawa Chuo Kikuu cha Sanaa, University of the Arts.

Mei 31, 2024 watu wa chuo hicho walipata habari kwamba kinafungwa. Si mwisho wa mwaka, bali Juni 7, wiki moja tu mbele. Walimu na wanafunzi wengi walilisoma jambo hilo gazetini kabla ya kuambiwa na uongozi. Kikao cha mtandaoni kilichoitishwa ili kujibu maswali kilifutwa dakika chache kabla ya kuanza. Siku chache baadaye rais wa chuo akajiuzulu. Wanafunzi zaidi ya 1,000 na mamia ya wafanyakazi walibaki wakitafutana, na Septemba mwaka huo chuo kikaomba kufilisiwa.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inawataka waajiri wakubwa kutoa notisi ya siku 60 kabla ya kufunga, isipokuwa kwa sababu maalumu, na wafanyakazi walikwenda mahakamani. Lakini kabla ya mahakama kulikuwa na nyumba. Mwalimu aliyeamka Ijumaa akiwa na kazi ya miaka 20 alitakiwa kuwaeleza watoto wake jioni ile kwamba bima ya afya huenda ikaisha, na hakuwa na karatasi yoyote ya kusoma kutoka kwa mwajiri.

Makumbusho yaligombana na watu wake hadharani, kwa mabango na ngoma, yakafika kwenye mkataba. Chuo kilikaa kimya hadi mwisho. Kwa familia ya mfanyakazi, ugomvi wa wazi wa siku 19 ulikuwa nafuu kuliko ukimya ulioishia kwa notisi ya siku saba.

Maswali ya kuuliza mezani

Kijana wa nyumbani akipata nafasi katika makumbusho, kituo cha utamaduni, shule binafsi au shirika la elimu, furaha huwa kubwa, kwa kuwa ni kazi yenye heshima. Kabla hajasaini, wazazi na yeye wakae chini waulize.

Mkataba ni wa kudumu, wa muda au wa siku, na likizo ya uzazi inamhusu nani kati ya hao? Cheo hiki kinaanzia mshahara gani na kinapanda vipi? Kama ni mafunzo ya kazini, kuna posho, na yanaisha lini? Bima ya afya inabeba watoto na mwenzi, na mfanyakazi anakatwa kiasi gani? Kukiwa na malalamiko dhidi ya mkubwa, yanapokelewa na nani? Fedha za mshahara huu zinatoka bajeti ya kila mwaka au kwa mfadhili wa mradi ambaye muda wake unakwisha?

Mwajiri asiyependa maswali hayo anastahili kuangaliwa mara mbili. Mkuu wa rasilimali watu anayeyajibu bila kukunja uso, akatoa na karatasi, anastahili kusikilizwa hata kama jibu lake ni dogo. Wiki nne za Philadelphia zilikuwa chache. Lakini ziliandikwa kwenye mkataba, na mama mjamzito aliweza kuzihesabu kwenye kalenda ya jikoni kabla mtoto hajafika.